Bwana Mifugo na Damu ya Watu

Nikimkumbuka Bwana Mifugo, hasira ndiyo hutangulia. Kumpenda kunakuja baadaye, na siku nyingine hakuji kabisa. Alikuwa mtu wa mdomo mkali. Ukimpa shikamoo alijibu kwa mguno. Ukimuuliza habari za nyumbani alikuambia, "Nyumbani kuna watu wazima, nenda kawaulize." Alikozaliwa na ukoo wake sitaeleza, maana yeye mwenyewe hakueleza. Sisi wa Karatu tulimpokea kama serikali ilivyomleta: koti la kaki, pikipiki iliyochanika kiti, na sanduku la chanjo nyuma yake.

Kazi yake ilikuwa ng'ombe. Alisimamia majosho ya upande wetu wa wakulima, kisha akapanda mlima na kupita msitu wa Ngorongoro, akateremkia kwa wafugaji, Malambo na Oloipiri, na mara nyingine mpaka Engaresero kwenye lile joto la ziwani, akichanja sotoka na kimeta, magonjwa yanayomaliza zizi zima. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali ambayo jina lake halina haja hapa. Nilianzia wodi ya wazazi, baadaye nikapewa na kazi ya damu. Watu waliniita Sista, ingawa nina mume na watoto.

Siku niliyomfahamu hasa alikuja kumtibu ng'ombe wa maziwa wa hospitali. Ndani kwetu mama mmoja alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Nikatoka uani kuwaambia ndugu zake kwamba anahitaji kuongezewa. Walikuwa wanaume wengi, wamejaa pikapu nzima, wenye afya na sauti kubwa. Waliitikia kwa vichwa. Nikaingia kumwita mtu wa maabara na sindano zake, na niliporudi uwanja ulikuwa mweupe. Wa mwisho alikuwa juu ya ua, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, na Bwana Mifugo amemshika pindo la koti.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

"Kujisaidia, mzee."

"Choo kiko huku. Huko ni shamba la mahindi."

"Nitarudi."

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Dada yangu."

"Dada yako," alisema Bwana Mifugo. "Tumbo moja. Haya, nenda. Damu yako hata kupe angeitema."

Akamwachia. Kisha akaingia maabara na buti zake zenye mavi ya ng'ombe, akakunja mkono wa shati, akasema, "Toa yangu, na usinisemeshe." Kwa bahati damu yake ilikuwa O, ile inayoweza kupewa karibu mtu yeyote. Yule mama alipona. Ndugu zake walirudi kesho yake wakiimba.

Lazima niseme kuhusu wale wanaume, maana ndio waliotufanya tuwe tulivyokuwa. Miaka ile hakukuwa na gari la kuleta damu kutoka mjini. Kila hospitali ilijitafutia. Mgonjwa akizidiwa, unamwambia ndugu atoe, na ndugu anakuwa na sababu. Nimezisikia zote. Nguvu za kiume zitapungua. Sijala tangu jana. Mnaiuza. Mke wangu mdogo hajui kama niko hapa. Nina malaria, nilikuwa nayo, nitakuwa nayo. Mzee mmoja wa heshima sana, wa kiti cha mbele kanisani, aliniambia kwamba damu ni uhai na uhai ni wa Mungu, yeye hana mamlaka ya kuugawa. Mkwe wake alikuwa amelala hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Tulimzika. Huyo mzee ndiye aliyeongoza sala makaburini, na mimi nilisimama nyuma nikiuma meno.

Kwa hiyo Bwana Mifugo aliporudi baada ya miezi mitatu bila kuitwa na mtu, akakaa kwenye kile kiti na kusema, "Toa," nilidhani amechanganyikiwa.

"Leo hakuna mgonjwa wa kuongezewa, Bwana Mifugo," nilimwambia.

"Mimi huchanja ng'ombe wakishaanza kufa?"

"Hapana."

"Basi toa uweke."

Hapo ndipo yote yalipoanza. Tulikuwa na friji ya mafuta ya taa iliyowekwa kwa ajili ya damu, na ndani yake mara nyingi hamkuwa na kitu zaidi ya chupa moja inayokaribia kuharibika. Chupa ya damu haikai sana, wiki tatu hivi, baada ya hapo ni ya kumwaga. Ili friji isikauke, lazima watu waje kwa zamu, mwezi huu hawa, mwezi ujao wale, kabla hajaumwa mtu. Sisi wauguzi tulilijua hilo darasani. Yeye alilijua kwa sababu ya chanjo, na tofauti yetu ni kwamba yeye alitoka kwenda kuwatafuta watu.

Aliwatafuta alikowazoea, joshoni na mnadani. Mtu analeta ng'ombe kuogeshwa, Bwana Mifugo anamtazama mkono wake badala ya ng'ombe. "Wewe una mshipa mzuri. Jumatano uende kwa Sista." Wengine walikwenda kwa kumwogopa tu. Wengine walikwenda kwa sababu alikuwa amewaokolea ndama. Sikujali sababu. Wakulima wa Rhotia walikuja, fundi baiskeli wa pale sokoni alikuja, walimu wawili wa shule ya msingi walikuja, na katekista mmoja mwembamba ambaye kila mara ilibidi nimpime mara mbili kama anafaa.

Na wafugaji walikuja. Siku moja tulikwenda naye Malambo, mimi kwa kliniki ya mama na mtoto, yeye kwa chanjo, ndani ya Landrova moja. Wazee walikaa chini, vijana wamesimama na fimbo zao. Bwana Mifugo aliongea nao kwa Kimaa chake kibovu, kikimshinda anarudi kwenye Kiswahili.

"Mnatoboa ng'ombe shingoni mnakinga damu mnakunywa," aliwaambia. "Anakufa?"

"Hafi," alijibu mzee mmoja. "Lakini hatumtoboi yule yule kila mara. Anapumzishwa, ananenepa."

"Na mimi nitawapumzisha. Kila mtu mara moja, halafu anakaa miezi yake."

Wakanong'onezana. Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na mtoto mgongoni akasema, "Lakini ng'ombe hatoi mwenyewe. Ng'ombe anafungwa kamba."

Kila mtu alicheka. Bwana Mifugo hakucheka. "Basi na ninyi msitoe," alisema. "Wake zenu wakija kule na damu inamwagika, nitawaambia kwamba wanaume wao ni wa kufungwa kamba."

Vicheko vikakatika. Nilidhani tutafukuzwa. Lakini msimu ule, walipoleta ng'ombe mnadani Karatu, kundi la wanaume wenye shuka nyekundu lilikuja hospitali, likaketi kwenye benchi letu refu. Walikuja tena msimu uliofuata. Hawakuomba chochote, na hatukuwa na cha kuwapa. Nyakati zile hata sukari ilikuwa ya kubembeleza. Mtu alitoa damu akapewa kikombe cha uji, na siku nyingine uji wenyewe hauna kitu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakulijua. Huyu mtu aliyedunga sindano ng'ombe wasiohesabika, aliyekata vidonda vya usaha huku anatafuna muhogo, alikuwa anaogopa sindano. Si kidogo. Nikishika mkono wake ulikuwa unatetemeka na jasho limemtoka mpaka masikioni. Aligeuza uso ukutani, akafumba macho, na muda wote damu inaposhuka kwenye chupa alinitukana. Alitukana mikono yangu, chuo kilichonisomesha, sindano butu, ukuta wenyewe. Nikishamaliza alibaki amelala kama gunia. Halafu anainuka, anakunywa uji, anauliza, "Mwezi ujao una watu wangapi?"

Nilimwambia siku moja, "Bwana Mifugo, kama unaogopa hivi, kwa nini usiwalete wengine ukabaki wewe?"

"Kwa sababu watanicheka wakijua," alisema. "Na wewe ukiwaambia nitakukata ulimi."

Alikuwa na maneno yake. "Mgonjwa hangoji ukoo ukae kikao," hilo alilisema karibu kila mnada. "Kutoa siku ya msiba ni kujionyesha." Na lingine ambalo lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli kwa hospitali yetu: "Watu wazuri wamejaa, tatizo hawaji Jumatano."

Shukrani hakuzitaka. Yule mama wa kwanza, aliyetokwa na damu, mume wake alimpelekea mbuzi. Bwana Mifugo alimrudisha mbuzi na ujumbe kwamba ana minyoo, na kwamba mwenye mbuzi aende hospitali kwa zamu yake kama watu wengine. Mkewe, mama mpole aliyekuwa akiuza maziwa pale sokoni, alikuwa akipita nyuma yake kuomba radhi nyumba kwa nyumba. "Msimchukie," aliniambia mara moja. "Ndama akifa huyu halali. Kwa watu tu ndio hajui aanzie wapi." Kwa ndama alikuwa mtu mwingine kabisa. Niliwahi kumkuta amepiga magoti bandani, anampapasa ndama mgonjwa shingoni na kumsemesha kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Aliponiona alisimama akaniuliza nimefuata nini kwa watu.

Sasa nifike kwenye friji.

Wakati huo katibu wa hospitali yetu alikuwa kijana nadhifu, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata. Tulikuwa tunategemea wageni kutoka mkoani waje kufungua jengo jipya la wagonjwa wa nje. Katibu alihangaika kama mtu anayeoza binti. Kuta zilipakwa chokaa, wagonjwa wa sakafuni walihamishiwa nyuma. Na alifanikiwa kupata soda, kreti kadhaa, kitu ambacho hatukuwa tumekiona muda mrefu. Mgeni hanyweshwi soda ya moto. Friji ya jikoni ilikuwa mbovu. Siku hiyo nilikuwa zamu ya mapumziko, nikipalilia mahindi yangu.

Niliporudi kesho yake asubuhi nilikuta chupa za damu zimepangwa mezani, dirishani, penye jua. Zote. Nyingi zilikuwa za wale wanaume wa Malambo, waliotoa mnada uliopita. Damu ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Ndani ya friji mlikuwa na soda zilizobaki, na sahani ya nyama iliyofunikwa.

Nilimfuata katibu ofisini. Nilimuuliza nani amezitoa.

"Nilisema ziwekwe pembeni kwa muda tu," alisema. "Mhudumu alisahau kuzirudisha. Sista, tusikuze mambo. Si watatoa tena?"

Ninaandika haya nikiwa bibi wa wajukuu, na bado yale maneno, si watatoa tena, yananipandisha damu kichwani.

Siku hiyo hiyo mchana Landrova ilifika kutoka Malambo. Ndani alikuwemo mama aliyeshikwa na uchungu tangu juzi yake; alikuwa ameshajifungua, lakini kondo la nyuma halijatoka na damu inamwagika. Mume wake alikuwa pamoja naye. Nilimtambua: alikuwa mmoja wa wale waliokaa kwenye benchi, na chupa yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoiva juani. Hakukimbia. Alinyoosha mkono kabla sijamwambia, akasema, "Chukua." Lakini alikuwa ametoa wiki chache nyuma, na damu yake haikuwa ya kundi la mkewe. Daktari alipeleka watu sokoni. Wakati wanarudi na fundi baiskeli anahema, mama alikuwa amekata roho.

Mume aliniuliza, "Ile yetu tuliyoweka iko wapi?"

Nilimwonyesha. Sikuweza kumdanganya. Alizitazama zile chupa, akatazama vizibo vya soda vilivyokuwa sakafuni, na nadhani alielewa bila kuelezwa. Alimfunika mkewe shuka yake mwenyewe, akamchukua.

Bwana Mifugo alipopata habari hakuja na kelele. Hilo lilinitisha. Alisimama mlangoni kwa katibu akasema, kwa sauti ya kawaida, "Friji ile itiwe kufuli, na ufunguo akae nao Sista. Kufuli linunuliwe na hospitali. Mpaka hapo, watu wangu hawatoi."

"Hao si watu wako," alisema katibu. "Ni wananchi."

"Basi waite wewe."

Mnada uliofuata alipanda juu ya jiwe penye zizi la kuuzia, akawaeleza watu wote kilichotokea, chupa na soda na maiti. Kisha akawaapisha wale wa zamu. Asikanyage mtu hospitali kutoa damu mpaka kufuli liwepo. Walikubali wote. Mimi pia, nikiwa nimesimama na kapu langu la vitunguu, nilifurahi. Niliona sasa huyu katibu atajua.

Katibu hakujua kitu. Aliandika barua kuomba kufuli kwa wakubwa zake, akasubiri jibu. Friji ikakaa tupu. Bwana Mifugo akapakia sanduku lake akaenda upande wa Oloipiri kwa chanjo, maana kulikuwa na tetesi za sotoka.

Katikati ya subira hiyo aliletwa Paskalina.

Alikuwa mtoto wa kike wa mkulima mmoja wa huku huku kwetu, mzaliwa wa kwanza, umri wa kuanza shule. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Ukimfunua kope ndani mlikuwa mweupe kama maziwa, na alikuwa anapumua kwa kuinua mabega. Baba yake alitoa mkono mara moja, haikulingana. Yangu haikulingana. Ya mama ililingana, lakini alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho na yeye mwenyewe anayumba. Baba wadogo wawili walikwenda "kutafuta chai" na sikuwaona tena.

Nilivua aproni nikakimbia mpaka Rhotia, kwa mkulima mmoja wa zamu yetu ambaye nilijua damu yake ni O. Nilimkuta anafunga mzigo wa kuni. Nilimweleza huku nimeshika kifua.

"Sista, niliapa mbele ya watu," alisema.

"Ni mtoto."

"Naelewa ni mtoto. Bwana Mifugo akisikia nimevunja?"

"Bwana Mifugo angekuwa hapa angeshakwenda yeye."

"Lakini hayupo," alisema, na macho yake yalikuwa yanasikitika kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshika neno alilopewa. Nililia mbele yake, mkewe akatoka akamfokea, mwishowe akatupa kamba ya kuni chini na tukashuka wote tukikimbia. Tulipofika kwenye kona ya wodi nilimsikia mama Paskalina, nikajua hakuna haja ya kukimbia tena.

Bwana Mifugo alirudi siku zile za matanga. Alikuja moja kwa moja hospitali, hajanawa hata vumbi. Alikwenda penye sanduku lake la chanjo, akafungua kufuli la shaba lililokuwa limelifunga, akachukua nyundo na pete mbili za chuma, akagongelea kwenye mlango wa friji. Kisha akalifunga kufuli na kuninyooshea ufunguo.

Nilikataa kuupokea kwanza.

"Ulikuwa nalo," nilimwambia.

"Nilitaka walitoe wao."

"Ulikuwa nalo muda wote, Bwana Mifugo. Linaning'inia pale kwenye pikipiki yako kila siku ya Mungu."

"Walikuwa wamekosa wao, Sista."

"Ndiyo, walikosa wao. Na aliyezikwa ni Paskalina."

Sijawahi kumsema mtu mzima vile, tena mwanamume aliyenizidi umri. Nilimwambia kwamba katibu alimwaga damu kwa sababu ya soda, na yeye aliizuia kwa sababu ya heshima, na kwamba mtoto anayekata pumzi hatofautishi. Nilimwambia watu walimwamini kuliko walivyotuamini sisi, akautumia uaminifu huo kama fimbo ya kumpigia mtu mwingine. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliweka ufunguo mezani, akakaa kwenye kile kiti, akageuza uso ukutani. Nilimtoa damu kwa hasira, na ile mara moja tu hakusema kitu.

Watu wake walirudi zamu. Friji ilijaa kuliko wakati wowote. Katibu alihamishwa, na naambiwa alipewa hospitali kubwa kuliko yetu. Hakuna aliyemuuliza lolote, wala kuhusu mama wa Malambo. Nimewahi kumwona gazetini amesimama na wakubwa, amenenepa.

Mimi na Bwana Mifugo tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo, na sidhani kama tulisameheana. Alinitukana kama kawaida, nikamdunga kama kawaida. Wanaume wa Malambo walichelewa. Alikwenda kule mwenyewe zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza alirudi na jeraha juu ya jicho ambalo hakulielezea. Mwishoni walikuja wachache, na yule aliyefiwa na mkewe hakuwa mmoja wao. Sikumlaumu.

Baadaye ulikuja ule ugonjwa mpya ambao kwanza ulisemwa kwa kunong'ona. Watu wakaanza kuogopa hata kukalia benchi letu, wakidhani ukitoa damu unaupata. Bwana Mifugo alikuwa karibu kustaafu, miguu imeanza kumsumbua. Alisimama pale pale mnadani akakunja mkono wa shati, akaonyesha alama za sindano zote za miaka yote hiyo. "Nimetoa mpaka nimezeeka," aliwaambia. "Kama kutoa kunaua, mimi ni mzimu, na bado ninyi ni wajinga." Wakarudi baadhi. Mwaka huo huo daktari akamwambia umri wake umepita, asitoe tena. Alimwita daktari mtoto mchanga, akaondoka bila kunywa uji.

Nilikuwa sijamwona muda mrefu alipokuja nyumbani kwangu asubuhi moja baada ya misa, amevaa koti lile lile la kaki, anatembea na fimbo. Alikataa kukaa.

"Unajua anakokaa Baba Paskalina?" aliniuliza.

Nilishangaa. Wale wazazi walikuwa wamepata watoto wengine, lakini watu hawakuacha kuwaita kwa jina la yule wa kwanza. Huku kwetu ndivyo ilivyo.

"Namjua. Kwani?"

"Kila mnada nasikia wanamwita. Baba Paskalina, sogeza ng'ombe. Baba Paskalina, njoo uone. Mimi nageuka kila mara kama nimeitwa mimi." Aligeuka kuitazama njia. "Nipeleke. Peke yangu nimejaribu, naishia kwenye mfereji narudi."

Tulikwenda polepole kwa sababu ya miguu yake. Baba Paskalina alikuwa uani anachambua maharage, mwanamume mfupi mwenye mvi za mapema. Alitukaribisha kwa adabu, mkewe akatoa viti viwili, kisha akabaki amesimama mlangoni. Bwana Mifugo hakukaa.

"Mimi ndiye niliyewazuia watu wasitoe damu ile wiki," alisema. "Nimekuja useme unalotaka kusema."

Baba Paskalina aliendelea kuchambua maharage. "Najua ni wewe."

"Nani alikuambia?"

"Wewe mwenyewe. Nilikuwepo mnadani ulipopanda juu ya jiwe. Nilipiga makofi." Alitupa haragwe bovu pembeni. "Nilipiga makofi sana, mzee. Ndipo mtoto akaumwa."

Mama Paskalina alikuwa amejifuta uso na kanga na kuiacha pale pale usoni.

"Miaka yote hii tunaonana joshoni," Bwana Mifugo alisema. "Hukuwahi kunifuata."

"Ningekufuata ningekuua. Nikaona bora niogeshe ng'ombe niende zangu." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Usitegemee nitasema nimesamehe. Mama yake labda. Mimi sina hilo neno."

"Sikulifuata hilo."

"Ulifuata nini?"

Bwana Mifugo aliegemea fimbo yake, akatazama ungo wa maharage. Nilifikiri ataanguka, nikasogea karibu.

Baba Paskalina aliweka ungo chini. Alinyanyuka akajifuta mikono kwenye suruali. "Nina mtamba pale bandani," alisema. "Hajala tangu juzi, na pua imekauka. Maadamu umefika, mtazame."

Walikwenda wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mimi na mama Paskalina tulibaki uani. Alinimiminia chai bila kuniuliza, mkono mmoja bado umeshika kanga usoni, tukakaa tukitazama maharage. Punde tukasikia sauti ya Bwana Mifugo kutoka bandani, kali, ya zamani, akimuuliza mwenye nyumba kama yeye angelazwa kwenye tope namna ile angekula, na kwamba mtu yeyote mwenye macho angeona kupe masikioni, na alete maji ya moto upesi. Tukamsikia Baba Paskalina akijibu naye kwa ukali kwamba maji yanachemka, asubiri.

Mama Paskalina aliondoa kanga usoni. Akainuka kwenda kuchochea moto.